Stika ya silikoni kwenye kabichi: chupa moja, mapigo sita

Karibu nusu ya chupa hii niliimaliza siku ya kwanza, kwa ujinga wangu mwenyewe. Nalitanguliza hilo ili ujue unasoma maoni ya mtu wa namna gani.

Ni chupa ya mililita 250. Ndani yake kuna kimiminika chepesi, cheupe kama maji, kinachoteleza vidoleni na hakina harufu ya kusumbua. Jina lililo kwenye lebo siliandiki, kwa sababu chupa za aina hii ni nyingi na ukisoma maandishi madogo utakuta kitu ni kile kile: kisambazaji cha silikoni, wakulima tunakiita stika, cha kuongeza kwenye dawa uliyokwisha kuichanganya. Chenyewe hakiuzwi kama dawa. Kazi yake ni kulifanya tone la dawa lilale kwenye jani badala ya kudunda na kuviringika.

Aliyewahi kupiga dawa kwenye kabichi anajua ninachosema. Unapita na bomba mgongoni, unarudi kuangalia, na jani linakutazama kavu kama vile hukupita. Maji yamejikusanya kwenye kikombe cha majani ya katikati, mengine yako chini kwenye udongo. Kitunguu ndiyo usiseme, maana jani lake limesimama wima. Nina nusu ekari ya kabichi, na adui wangu mkubwa ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi, yule mdogo wa kijani anayejificha upande wa chini wa jani na kulitoboa mpaka linabaki kama chekecheke. Dawa ninayotumia ni ya bakteria, Bacillus thuringiensis, watu tumeizoea kwa jina la Bt. Hii haimuui kiwavi kwa kumgusa, lazima aile. Mahali ambapo haikufika, kiwavi anakula kwa raha zake. Kwa hiyo kwangu swali la kutandaa kwa dawa halikuwa la urembo.

Kabla ya kuitia kwenye bomba niliijaribu mezani. Nilikata jani la nje, nikaliinamisha kwenye ukingo wa ndoo, nikadondosha tone la maji matupu kwa sirinji. Likasimama duara, likatetemeka, likakimbia hadi chini. Nilipitisha kidole kwenye njia lilikopita: pakavu kabisa. Tone la pili, la maji yenye stika, liligusa jani likalala hapo hapo. Halafu likaanza kujitandaza taratibu, kingo zikisogea kama doa la mafuta kwenye karatasi, hadi likafikia upana wa vidole viwili. Nikageuza jani nikarudia upande wa chini. Vilevile. Nakiri nilirudia mara nane au tisa hivi, si kwa utafiti, ni kwa kufurahia tu.

Sababu yake si uchawi. Maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, na nguvu ya kushikana huko juu ya uso wake hupimwa: maji safi yana kama milinewtoni 72 kwa mita. Jani la kabichi limefunikwa nta, tena nta yenye vichembe vidogo vinavyonasa hewa, kwa hiyo tone linakaa juu ya vilele vya nta kama mtu aliyelala juu ya misumari. Visambazaji vya kawaida hushusha ile namba hadi 30 hivi. Silikoni huishusha hadi 20 na kitu. Hapo tone linakosa nguvu ya kujikunja na linaitii nta.

Sasa nirudi kwenye ujinga wangu. Lebo ilisema mililita 5 kwa kila lita 10 za maji. Bomba langu ni la lita 16, kwa hiyo nilitakiwa kutia mililita 8. Mimi nikatia kifuniko kimoja, kama tulivyozoea: kifuniko kimoja, bomba moja. Siku hiyo nilitumia mabomba matano. Jioni chupa ilikuwa nyepesi kwa namna ya kunishtua, nikachukua sirinji nikapima ujazo wa kile kifuniko. Mililita 22! Nilikuwa nimetia karibu mara tatu ya kipimo, na mililita 110 zilikuwa zimekwenda kwa pigo moja.

Na povu. Niliitia kwanza kwenye bomba tupu, halafu nikamimina maji kwa ndoo kutoka juu. Povu likapanda hadi mdomoni mwa bomba, likafurika na kunishukia mgongoni. Siku hizi natia maji hadi nusu, naweka Bt niliyokwisha kuikoroga pembeni, naongeza maji mpaka karibu yajae, na stika inaingia mwisho kabisa. Nakoroga polepole na kijiti. Povu halipo.

Lakini hasara kubwa ya siku ile haikuwa povu wala kipimo. Ilikuwa maji. Nilipiga vile nilivyozoea miaka yote, yaani mpaka jani lichuruzike, maana tulifundishwa kwamba dawa isipodondoka haijaenea. Ukiwa na maji matupu, desturi hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa unajaribu kulazimisha matone yaungane. Ukiwa na silikoni ni kinyume. Maji yaliyolegea hivyo hutengeneza utando mwembamba sana juu ya jani, na jani haliwezi kubeba utando mnene. Ukizidisha, kilichozidi kinateremka chote kwa pamoja. Nilitembea katikati ya mistari nikakuta udongo umelowa kuliko siku nilizopiga bila stika. Nilikuwa nimenunua kitu cha kuizuia dawa isianguke, nikakitumia kuiangusha. Miche mitatu iliyochelewa kukua ikapata ukingo wa kahawia siku ya pili, nadhani ni kwa sababu ya kipimo kile na jua la saa sita.

Hapa ndipo naona watu wengi wanaisingizia chupa. Utamsikia mtu akisema stika haina maana, alitia na hakuona tofauti. Ukimuuliza alitumia maji kiasi gani, ni yale yale.

Pigo la pili nilijipanga. Kwanza nilipima nozeli yangu, kile kichwa cha kutolea dawa: nikapampu kwenye jagi kwa dakika moja, ikatoa lita moja kamili. Ilikuwa nozeli ya zamani, tundu limeliwa hata kwa macho unaliona si duara tena. Nikaweka mpya yenye tundu dogo zaidi, inayotoa mililita 600 kwa dakika kwa pampu ile ile. Mwendo sikubadilisha. Mabomba matano yakawa matatu, yaani kutoka lita 80 hadi lita 48 kwa shamba lile lile. Kiasi cha Bt kwa shamba zima sikukigusa, nilikigawa tu kwenye mabomba matatu badala ya matano. Hili msilichanganye: kinachopungua ni maji, kipimo cha dawa kwa eneo kinabaki kile cha lebo. Na lebo ya dawa yenyewe ikitaja kiwango cha chini cha maji, usishuke chini ya hapo.

Mtu makini atasema: wewe umebadilisha nozeli na umeongeza stika kwa wakati mmoja, utajuaje kipi kimefanya kazi? Swali zuri, nilijiuliza pia. Nikaacha matuta mawili yapigwe kwa nozeli mpya bila stika. Baada ya siku tatu nikahesabu viwavi hai kwenye kabichi 20 kila upande, nikipindua majani yote ya nje. Upande usio na stika nilikuta 17. Upande wenye stika, 6. Ni shamba moja na siku moja, sitaki kulifanya jambo hili kuwa sheria, ila kwa mgongo wangu ulioinama kupindua majani yale, nilitosheka.

Nilitumia pia zile karatasi za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na maji. Unazibana kwenye majani kwa vibanio vya nguo, moja juu na moja chini, unapita na bomba, unazikusanya kwa glavu kavu. Ya juu ilijaa bluu, ya chini ilikuwa na madoa ya kutosha. Angalizo moja: karatasi si jani. Maji yenye stika hutanda zaidi hata kwenye karatasi yenyewe, kwa hiyo usilinganishe ukubwa wa madoa kati ya bomba lenye stika na lisilo nayo ukadhani unalinganisha dawa. Mimi nilizitumia kujua kama matone yanafika upande wa chini, basi. Na jibu lilikuwa kwamba hayafiki mpaka uinamishe mkono wa bomba na kuelekeza nozeli juu. Stika haipindi kona. Tone likitua juu ya jani, linatanda juu ya jani. Chini ya jani ni kazi ya mkono wako.

Sasa nina ugomvi na jina. Sisi wote tunaita stika, kana kwamba inanata. Hii hainati. Ni kisambazaji, na tofauti hiyo ilinigharimu. Kwenye vitunguu nilikuwa napiga mankozebu dhidi ya ukungu. Mankozebu haiingii ndani ya mmea, hukaa nje kama koti na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Nikatia silikoni nikiamini nimeigundisha. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi ule unga mweupe niliozoea kuuona kwenye majani haukuwepo. Baadaye ndipo nikaelewa: silikoni ikibaki kwenye jani, mvua ikija huweza kulilowesha jani upya kwa urahisi ule ule, na dawa ya nje inaondoka na maji. Ukitaka kunatisha dawa ya nje unatafuta gundi hasa, zile za utomvu wa msonobari au za mpira, zinazokauka na kuacha ngozi juu ya jani. Hizo nazo zina kasoro yake, hazitandazi sana. Ila kwa dawa zinazopaswa kuingia ndani ya jani, silikoni husaidia upande wa mvua, kwa kuwa dawa inaingia mapema, nyingine hata kupitia vitundu vya kupumulia vya jani. Chupa yangu iliandikwa "hunatisha na kusambaza" kwa herufi kubwa mbele. Nusu ya sentensi hiyo naipinga.

Jirani yangu wa shambani yeye hutumia sabuni ya kuoshea vyombo na hunicheka. Sitamdharau, kwa sababu sabuni nayo hushusha ule mvutano wa maji, na kabichi yake hulowa. Tatizo ni maji yetu ya kisima ambayo ni magumu: sabuni ya mche ikikutana na chokaa ya majini inaganda kuwa ule utando mweupe, na nozeli inaziba. Sabuni ya maji, ile ya kwenye chupa, haigandi namna hiyo, ila povu lake halina mwisho, na chumvi na manukato yaliyomo hayakupimwa na mtu yeyote kwenye majani. Mara nyingine inachubua nta ya jani yenyewe. Yeye anasema bado hajaona. Haya.

Maji magumu yana kesi nyingine, na chupa hii haikuisuluhisha. Kwa dawa ya magugu ya glaifoseti, kalsiamu na magnesi zilizomo majini huikamata dawa kabla haijaingia kwenye gugu. Kinachosaidia hapo ni salfeti ya amonia, unaiyeyusha kwenye maji kwanza ndipo unatia dawa. Kutandaa kwa tone si tiba ya hilo. Vilevile maji yenye uchungu wa magadi huziua baadhi ya dawa ndani ya bomba. Kaptani, dawa ya ukungu, ikiwa kwenye maji ya pH 8 (pH ni kipimo cha asidi na magadi, katikati ni 7) hupoteza nusu ya nguvu yake kwa dakika kama 10 tu. Silikoni yenyewe haipendi maji makali upande wowote, wa asidi au wa magadi, inavunjika. Mchanganyiko wa jana usiuhesabu. Na ukishusha pH ya maji kwa ajili ya dawa moja, angalia kama unachanganya na dawa ya shaba, kwa sababu shaba kwenye maji ya asidi huyeyuka kupita kiasi na kuunguza majani.

Kuhusu upepo: usitegemee chochote. Wapo wanaodhani maji yaliyotiwa stika ni mazito na hayapeperuki. Silikoni haiongezi uzito wowote, na maji yaliyolegea huweza hata kupasuka kuwa matone madogo zaidi, nayo matone yaliyo chini ya maikroni 150 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndiyo yanayobebwa. Viongezi vya kuzuia kupeperuka ni jamii nyingine, vya polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, vinavyoyafanya maji yavutike. Mimi napiga asubuhi na mapema upepo ukiwa wa kutikisa jani kidogo tu, basi.

Kuna jambo lingine nililolipata kwa kusoma, na limenifanya niiangalie chupa yangu kwa jicho jingine. Tone linapolipiga jani hutandaa kama sahani kisha hujikunja na kuruka, na hayo yote huisha ndani ya milisekunde chache. Kile kipimo cha mvutano cha 20 na kitu ni cha maji yaliyotulia. Molekuli za silikoni zinahitaji muda kufika kwenye uso mpya wa tone, na tone linaloruka halina muda. Kwa hiyo silikoni ni bingwa wa kutandaza tone lililokwisha kutua, lakini katika kulizuia lisidunde si bingwa kihivyo. Ndiyo maana matone madogo, yanayotua polepole, yalinipa kazi nzuri zaidi kuliko makubwa. Watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, kwenye maabara ya Kripa Varanasi, walilishambulia tatizo hili la kudunda kwa njia nyingine. Mwaka 2016 walitoa kazi ambayo dawa inapulizwa kwa mikondo miwili, mmoja una polima yenye chaji chanya na mwingine yenye chaji hasi. Matone mawili yakikutana juu ya jani, polima zinashikana na kuacha vinundu vidogo vya kunasa maji. Baadaye wakaja na matone yaliyovikwa utando wa mafuta, mafuta yenyewe yakiwa chini ya asilimia 1 ya dawa yote. Nilipoisoma ile ya kwanza nikacheka, maana bomba langu lina mkono mmoja tu.

Usalama nauandika kwa uzito. Kitu kinachopitisha maji kwenye nta ya kabichi hakitashindwa na ngozi yako. Ile siku ya povu nilivua shati hapo hapo nikajimwagia maji, na ilikuwa Bt; ingekuwa dawa ya sumu kali ningekuwa na hadithi nyingine. Glavu, miwani na shati la mikono mirefu, hata kama "ni stika tu". Nyuki pia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State walichapisha matokeo kwamba nyuki waliolishwa visambazaji vya silikoni walishindwa kujifunza harufu vizuri, na hicho ni kiongezi peke yake, bila dawa. Kabichi yangu naivuna kabla ya maua kwa hiyo sikupata jaribu, lakini kwenye zao lililochanua nisingeigusa. Hata vidukari vidogo nimeona vinakufa kwa maji ya stika matupu, vinazama, na maji hayo hayatachagua kati ya kidukari na mdudu rafiki mwenye mwili laini.

Nyota? Kwa kabichi na dawa ya kiwavi, natoa nne kati ya tano. Kwa vitunguu na dawa inayoingia ndani, nne. Kwa dawa ya ukungu ya kukaa nje, moja, na hiyo moja ni ya chupa kutovuja. Kwa mazao yenye majani yanayolowa kwa urahisi bila nta nyingi, sioni haja ya kununua kabisa. Angalia pia lebo ya dawa yako kwanza, kwa sababu dawa nyingine zinakuja na visambazaji ndani tayari, na kuongeza juu yake ni kutafuta majani ya kuungua.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kifuniko. Mtengenezaji anajua kipimo ni mililita 5 kwa lita 10, anajua pia mkulima atapimia kifuniko, halafu anaweka kifuniko cha mililita 22 kisicho na mstari hata mmoja ndani. Nimefunga sirinji kwa mpira shingoni mwa chupa na kuichora alama nyekundu kwenye 8. Zimebaki mililita 20, mabomba mawili na kitu.